Siku Nilipomwambia Salina Asiende

Nimestaafu kwa sababu ya sikio la kushoto. Daktari alinipima, akaandika, kisha akaniangalia kama mtu anayejua kazi yangu ni gani, akasema sikio hilo limebaki robo. Nikamwambia kwamba kwa miaka ishirini na mbili nimekuwa nikisikiliza shida za watu. Akanijibu kwamba labda ndiyo maana limechoka. Kwa hivyo niko nyumbani hapa Eldoret, nina miaka hamsini na minne, nina shahada mbili za saikolojia na ng'ombe wawili, na ng'ombe ndio pekee wanaonitegemea sasa.

Nyinyi mnaoanza kazi ya ushauri nasaha hupita hapa na madaftari yenu mkitaka niwaeleze ile nadharia inayomweka mtu mwenyewe katikati. Mnaniambia itakuwa kwenye mtihani. Najua itakuwa, hata mimi ilikuwa kwenye wangu. Niliandika kurasa nne safi. Nikaeleza kwamba kila mtu huzaliwa na msukumo wa kukua, na kwamba mshauri hatakiwi kumsukuma mtu bali kumwekea mazingira matatu: amkubali bila masharti, amwelewe kwa ndani kana kwamba anaona kwa macho yake, na awe mkweli, asivae uso ambao si wake. Nilipata alama nzuri sana. Kisha nikaenda kazini nikakaa miezi kadhaa bila kuyatumia hata moja, kwa sababu nilidhani ninayatumia yote matatu.

Lazima mjue nilikotoka. Kabla ya kurudi chuoni nilikuwa mwalimu wa sekondari. Nilifanywa mwalimu wa nidhamu, na kwa kuwa ofisi ilikuwa moja, nikafanywa mwalimu wa ushauri pia. Fimbo ilikaa juu ya kabati, karatasi za tishu zilikaa ndani ya droo. Mwanafunzi akiingia aliangalia mkono wangu kwanza, aone unaelekea wapi. Nilijiona mtu mwenye vipawa viwili.

Nilipohitimu nikapata nafasi katika kituo kidogo cha ushauri mjini, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Chumba kilinuka mbolea mwaka mzima. Mtu akilia ulikuwa huna hakika kama ni uchungu au ni dawa ya kupe.

Mmoja wa wateja wangu wa kwanza alikuwa Bwana Hassan, mzee mwenye malori ya kupeleka bidhaa Lodwar. Alikuwa amekosana na ndugu yake. Mimi nilikuwa nimefundishwa kumrudishia mtu hisia zake ili ajisikie ameeleweka, na nikafanya hivyo kwa bidii zote. Akasema amechoka, nikasema ninasikia amechoka. Akasema ndugu yake hamheshimu. Nikasema ninasikia kwamba ndugu yake hamheshimu. Tukaenda hivyo kama robo saa. Mwishoni akachukua kofia yake mezani, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwalimu, hayo maneno ni yangu. Yako yako wapi?"

Akaondoka. Sikumlaumu. Kuelewa mtu kwa ndani si kuwa kinasa sauti. Ni kusikia lile ambalo amelizunguka mara tatu bila kuligusa, na kuligusa polepole, tayari kuondoa kidole akikuambia hapo si penyewe. Bwana Hassan alikuwa amezunguka jambo moja muda wote, kwamba anampenda ndugu yake na anaona aibu kuanza yeye kumtafuta. Hilo nililigundua nikiwa naosha vyombo usiku.

Aliyenitoa katika ukasuku huo ni Mama Jerotich. Alikuwa msimamizi wetu, mkunga mstaafu aliyesomea ushauri akiwa na wajukuu, mwanamke mnene, mwenye mikono mifupi na pikapu nyeupe aliyoiendesha kama anayewahi uzazi. Simfahamu mtu mwingine aliyesikiliza kama yeye. Angeweza kukaa na mama aliyefiwa saa nzima, aseme sentensi tano, na mama yule atoke akieleza kila mtu kwamba Mama Jerotich amemwambia mambo mazuri sana. Lakini sisi wanafunzi wake hakutubembeleza. Alinicheka waziwazi. Alikuwa akiita digrii zangu "zile karatasi zako" na kunifundisha vitu ambavyo havikuwa kwenye karatasi. Usimpe anayelia tishu mkononi, alisema, maana unamwambia anyamaze. Iweke pale anapoweza kuifikia, aamue mwenyewe. Weka saa ya ukutani nyuma ya mgongo wa mteja, ili usiangalie mkono wako kila mara kama konda. Chai ni baada, siyo kabla, kwa sababu mtu wa huku ukimpa kikombe atakuambia habari za mvua mpaka kiishe.

Kila Ijumaa asubuhi alitukagua. Hakutaka kusoma maandishi yetu. Alikufanya ukae kwenye kiti cha mteja, useme kama yeye. "Usiniambie alisema nini. Kuwa yeye, nikuone." Mtu mzima, mwenye shahada, unakaa kwenye kiti cha plastiki unasema, "Mimi ni mama wa watoto watano, mume wangu amehama." Mwanzoni nilihisi mjinga. Halafu nikaona kwamba ukishindwa kusema sentensi fulani kwa kinywa cha mteja, basi hapo ndipo ulipoacha kumsikiliza.

Sasa niwaambie kuhusu Salina. Jina hilo si lake, na nimebadilisha mambo kadhaa. Mwenyewe ameniruhusu, na aliponiruhusu alisema nisijipunguzie makosa.

Alikuja mwezi wa tisa. Mwalimu wa shule ya msingi kule Langas, darasa la nne, miaka arobaini na moja, hajaolewa, kifungua mimba wa nyumba yenye wavulana watatu nyuma yake. Mama yao, mjane, alikuwa amepooza upande mmoja mwezi wa saba, nyumbani kwao Soy. Kaka zake wakafanya kikao na kuamua kwamba Salina aache kazi, arudi nyumbani kumtunza, kwa sababu wao wana wake na watoto na yeye hana. Walimpa mpaka shule zifungwe. Alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi. Aliibeba kwenye mkoba, ndani ya bahasha ya kaki, na alikuja nayo kila mara tulipokutana. Aliiweka mezani kama mtu anayeweka kitambulisho.

Mara mbili za kwanza nilimsikiliza vizuri, au nilidhani hivyo. Aliongea juu ya darasa lake. Alikuwa na watoto hamsini na kitu, na alijua nani anakuja bila kula na nani anasoma kwa kukariri sauti za wenzake. Akiongea juu yao uso wake ulifunguka. Akiongea juu ya Soy, alisema tu, "Si ni sawa, ni mama." Nilikuwa nimeshaamua moyoni. Nilikuwa nimeshawachukia wale kaka watatu, na nilijiona shujaa kwa kukaa kimya.

Mara ya tatu akanyoosha mgongo, akaniangalia.

"Mwalimu, wewe umesoma. Mimi nimechoka kufikiria. Niambie tu. Niende ama nisiende?"

Nyinyi mlioko vyuoni mnajua jibu la mtihani. Mnajua ningepaswa kukaa na ule uchovu wake, nisikie jinsi gani mtu hufika mahali anataka kumpa mwingine usukani wa maisha yake. Lakini mwalimu wa nidhamu hajafa ndani yangu hata leo, na siku hiyo alikuwa macho.

"Usiende," nikasema.

Nikampa sababu nne, nikizihesabu kwa vidole. Nikamwambia na maneno ya kuwaambia kaka zake. Akashukuru sana, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa nimeshiba. Hakuna siku nimejisikia mshauri hodari kama siku hiyo, na ndiyo maana nawaonya: mkijisikia hivyo, rudini mkaangalie mmefanya nini.

Wiki iliyofuata alikuja amekonda. Jumamosi alikuwa ameenda Soy, akasimama mbele ya kaka zake na kusema, "Mshauri amesema nisije." Mkubwa wa kaka hao akamuuliza huyo mshauri ni wa ukoo gani. Wa pili akauliza kama ndiye atakayekuja kumwogesha mama. Salina hakuwa na jibu, kwa sababu zile sababu nne hazikuwa zake, na sababu za kuazima haziongei ukiziuliza swali. Akarudi Langas. Na sasa alikuwa na jambo jipya la kuniambia, akaiambia meza:

"Sasa nina watu wawili wa kuogopa. Nisipoenda, nimewaangusha wao. Nikienda, nimekuangusha wewe."

Bahasha ilikuwa pale mezani. Nikamuuliza ataipeleka lini. Akasema si Jumatatu inayokuja, ni ile ya baada yake. Alitaka tu imalizike.

Ijumaa nilikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya Mama Jerotich, nikaanza. Mimi ni Salina. Mama yangu ni mgonjwa. Kaka zangu wameamua. Nikaenda vizuri mpaka nikafika kwangu mimi mwenyewe. "Mshauri wangu ni mtu mzuri," nikasema, "amesoma, ananijali, na sitaki..." Nikakwama. Sentensi ilikuwa wazi kabisa na kinywa kiligoma. Sitaki akasirike. Mwanamke mzima alikuwa anakuja kwangu na kujipanga nisikasirike.

Mama Jerotich hakucheka. Afadhali angecheka.

"Umemfungua kwa kaka zake ukamfunga kwako," akasema. "Kamba ni ile ile. Ni mti tu umebadilisha."

Nikajitetea. Nikasema mtoto wa watu angeacha kazi, kwamba kunyamaza ni kumwacha apotee. Akaniuliza kama nimewahi kulima mahindi. Nikasema mimi ni mtoto wa mwalimu, sisi tulinunua. Basi akanieleza kwamba mwaka wake wa kwanza shambani, upepo ulilaza mahindi yakiwa yamefika kifuani. Aliona huruma, akaingia shambani siku nzima akiyainua bua moja moja na kuyashindilia udongo. Yote aliyoyashika yalivunjika. Mistari ambayo hakuwahi kuifikia ilijipinda yenyewe kutoka chini, kwenye kifundo, na baada ya siku chache ikawa imesimama, shingo zimekunjika kidogo lakini mizima.

"Sasa kazi yangu ilikuwa nini hapo?" nikauliza, bado nina hasira.

"Kupalilia. Na kutoa ng'ombe shambani."

Hiyo ndiyo nadharia yenyewe, vijana. Vitabu vinasema mtu ana nguvu ya kukua ambayo haitoki kwa mshauri, na kwamba mengi yanayompinda ni masharti aliyowekewa ili apendwe. Mtoto huambiwa, ukiwa hivi wewe ni wetu, ukiwa vile hatukujui. Akikua, anabeba vipimo vya wengine akidhani ni vyake. Mshauri akija na kipimo kingine, hata kiwe kizuri namna gani, ni ng'ombe mwingine shambani. Mimi nilikuwa ng'ombe mwenye shahada mbili.

Salina alikuja Jumatano. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya namna ya kulisema kitaalamu, na nilipomwona akiweka bahasha mezani yote yakanitoka.

"Nilikosea," nikasema. "Nilikuambia usiende kwa sababu mimi ndiye nilitaka usiende. Sikukusikiliza. Ukienda sitakasirika, na usipoenda sitakupigia makofi."

Akaniuliza:

"Kumbe washauri hukosea?"

"Huyu mmoja, sana."

Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Kisha akanyamaza, na mimi nikanyamaza, na safari hii sikuwa najifanya kunyamaza. Chini walikuwa wakishusha magunia ya chakula cha ng'ombe. Yalianguka moja moja, na kila moja likianguka meza ilitetemeka kidogo. Nadhani yalianguka kama ishirini. Halafu Salina akaanza kusimulia habari ya mwiba.

Alikuwa na miaka saba. Mwiba ulimwingia unyayoni, na kwa siku mbili alibeba maji kutoka mtoni akichechemea pale tu asipoonekana. Mguu ulipovimba mama akagundua, akautoa mwiba, na mbele ya majirani akasema kwa fahari, "Huyu wangu hajawahi kunisumbua." Salina alisema hajawahi kusikia sentensi tamu kama ile. Alisema ameifanyia kazi miaka thelathini na minne. Kaka zake walimsumbua mama, wakapendwa. Yeye alipendwa kwa kutosumbua.

"Mimi nimemkasirikia mama," akasema. "Siyo kaka zangu. Mama. Amelala pale hawezi kushika kijiko, na mimi nimemkasirikia."

Ulimi wangu ulikuwa tayari na amri ya tano, ile ya kuwaheshimu baba na mama. Ulikuwa tayari pia na neno la kumfariji, kwamba hapana, hujakasirika, ni uchovu tu. Yote mawili yangemrudisha mtoni na mwiba wake. Ndipo nilipoona kwamba mimi nilikuwa nimemkubali Salina mmoja tu, yule anayeonewa na kaka zake, kwa sababu huyo alikuwa rahisi kumpenda. Huyu mwenye hasira kwa mama mgonjwa alikuwa pia amekuja, na alikuwa anasubiri mlangoni aone kama kuna kiti.

"Amelala pale," nikasema, "na hasira haijali kwamba amelala."

Akaitikia kwa kichwa, akalia vizuri. Tishu zilikuwa pale kwa upande. Alizichukua mwenyewe alipotaka.

Alipoondoka alichukua bahasha yake, hakusema ataifanyia nini. Kati ya hapo na Jumatatu sikulala vizuri. Nilimwambia Mama Jerotich kwamba nafikiria kumpigia simu Salina, nimjulie hali tu. Akaniangalia juu ya miwani. "Ukimpigia unaenda kuinua mahindi." Sikupiga. Jumatatu ikapita nikiwa nimekaa na wateja wengine, nikijilazimisha kuwasikiliza. Siku hizi baadhi yenu mnawasikiliza watu kwa simu, picha ikiganda mnangoja irudi, na mnalalamika kwamba kungoja ni kugumu. Ni kugumu hata bila mtandao.

Jumatano iliyofuata akaja. Hakukaa mara moja. Alisogeza kiti mbele kidogo, akakigeuza mwanga wa dirisha usimpige machoni, kisha akakaa.

"Leo sikuja kukuuliza," akasema. "Nimekuja kukuambia."

Hakuwa amepeleka ile barua. Alikuwa ameandika nyingine, ya kuomba uhamisho aende kufundisha shule ya karibu na kwao Soy. Atakaa na mama yake jioni na usiku, na mchana nyumba za kaka zake zitapokezana, kila nyumba na siku zake. Aliwaambia hivyo yeye mwenyewe, mmoja mmoja. Yule mkubwa alimuuliza kama hayo ni ya mshauri tena, akamjibu, "Hapana, haya ni ya Salina." Mkubwa hakufurahi. Salina alisema hilo kwa utulivu, kama mtu anayetaja hali ya hewa: hakufurahi, na siku zake ni Jumatatu na Jumanne.

Nitawaambia ukweli, kwa kuwa nimeahidi kutojipunguzia. Mimi nisingechagua hivyo. Niliona ugumu wa kila upande: uhamisho unaweza kuchelewa, watoto wake wa Langas atawaacha, na kuishi boma moja na kaka wale si mchezo. Nilikuwa na sababu tatu na vidole vyake. Nikaviweka vidole chini ya paja. Aliyekaa mbele yangu hakuwa mtu wa wiki mbili zilizopita. Alikuwa anaongea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya chini kidogo, isiyoniangalia kuona nimeipokeaje. Nimewahi kuona watu wenye vyeo na vipaza sauti. Sijaona wengi waliosimama mahali pao kama alivyokuwa ameketi mwalimu yule wa darasa la nne.

Nikamuuliza jambo moja tu, nalo niliuliza kwa sababu nilitaka kujua. Nilimuuliza kama mama yake anajua.

Akasema Jumapili alikwenda Soy wakati wengine wako kanisani. Alimkuta mama yake ameegemezwa kwenye mito, akabandika mboga jikoni, akakaa kitandani kando yake. Akamwambia kwamba atakuja kuishi naye. Kisha akamwambia kwamba amechoka, na kwamba amemkasirikia, na kwamba ule mwiba ulimuuma sana. Alisema yote upesi, macho chini, na alipomaliza akaona aibu, akainuka kwenda jikoni. Mama yake akamshika nguo kwa ule mkono mmoja unaofanya kazi. Mdomo ulikuwa bado haujarudi vizuri, maneno yalimtoka kwa shida, moja kwa siku wakati mwingine.

"Aliniambia, 'Endelea,'" akasema Salina.

"Na ukaendelea?"

"Niliendelea mpaka mboga ikaungua."